Kidonda Ambacho Mke wa Mwana Haoni

Jumanne. Mvua haijakata tangu asubuhi.

Mnisamehe nimekaa kimya muda mrefu hivi. Kila nikianza kuandika mtoto analia, naacha. Bon, leo akilia atanisubiri kidogo.

Mama mkwe bado yuko kwenye nyumba ya wazee, hapa Louisville. Kile kidonda cha kulala sana, chini ya mgongo, nesi anasema kimekaribia mfupa. Mimi sijakiona. Kwetu milimani mke wa mwana haoni uchi wa mama. Mume wangu ndiyo kabisa, shuka likifunuliwa anatoka nje.

Nesi anauliza, mimi natafsiri. Una maumivu? Mama anajibu, "Niko mzima, Mungu anasaidia." Nesi akitaka kumgeuza amsafishe: "Mwambie apumzike, na yeye amechoka." Natafsiri hivyo hivyo. Ningempinga mama mbele ya wageni?

Donc jana wametuambia: mgonjwa asiyeumwa, tena anayekataa kusafishwa, bima haitaendelea kumlipia nesi wa vidonda. Atarudishwa nyumbani. Kwangu, mtaa wa Iroquois, kwa mikono ambayo hairuhusiwi kumgusa.

Kidonda kile bila nesi kitamuua.

Leo nimevunja heshima.

Nesi kauliza, mama kajibu vilevile. Nikamwambia nesi kwa Kiingereza: anaumwa sana, usiku anang'ata shuka, anakataa kwa sababu mimi nimesimama hapa. Mama hajui Kiingereza, lakini aliuona uso wa nesi ukibadilika.

"Mama Daniel, umemwambia nini?"

"Ukweli, mama."

Akageuza uso ukutani. Kisha akasema polepole, "Mimi nilizaa binti. Yuko wapi?"

Nimelia kwenye gari. Kisha nikafuta macho, nikaenda kumchukua mtoto.

Nesi atarudi kesho kutwa. Mama akikubali kusafishwa, nesi ataiandikia bima upya. Akikataa, basi.

Wifi yangu wa Buffalo, shemeji wa Columbus, najua mnasoma hapa. Sabuni na mafuta mliyotuma yanatosha. Bado nahitaji hivi: vitenge viwili vilivyozeeka, laini, vya kumsitiri akigeuzwa. Gari la shemeji, limfuate dada yake Buffalo, lipite naye hapo Columbus na kumfikisha huku.

Na wifi, nitumie wewe mwenyewe. Mikono yako. Kingine chochote kibaki huko.