Baba Anatembea, Mimi Naruka

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeunganisha mashine ya gemu ya kaka kwenye televisheni ya sebuleni. Kaka alipooa aliiacha hapa. Wifi alimwambia achague, gemu au yeye, na kaka si mjinga.

Sababu ni kidole gumba cha baba, cha kushoto. Tangu kiharusi cha Novemba, mguu umerudi. Mdomo umerudi — na maneno yake yote, anasema mama, hakuna hata moja lililopotea njiani. Mkono wa kushoto bado mzito. Kila Alhamisi hospitalini mtaalamu wa viungo anamchomekesha vijiti kwenye ubao wenye matundu. Baba anamwita Bi Vijiti. Amekuwa fundi cherehani miaka thelathini na minne. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu tu, anasema, wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Kwa sasa cherehani imefunikwa shuka, na hakuna anayeitazama.

Gemu lenyewe: mtoto mdogo wa udongo anashuka kwenye mji uliozama chini ya ardhi. Huko chini kila kitu kinadondosha maji. Tone likimwangukia anaanza kubomoka — mkono kwanza, halafu bega — mpaka afike kwenye tanuri ajikaushe. Hakuna anayezungumza. Kuna muziki tu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa chumba cha tatu. Kaka alisema ni gumu kuliko yote aliyowahi kucheza. Hilo sijamwambia baba.

Pedi moja ya kuchezea, watu wawili. Baba ameshika upande wa kushoto, penye kile kinundu cha kumwendesha mtoto. Mimi kulia: kuruka na kupiga.

"Mimi natembea, wewe ruka," akasema, kama anagawa kazi kwa wanagenzi.

Tumebomoka mara thelathini na moja. Nimehesabu. Baba alicheka mpaka mama akaja kutazama kuna nini.

Jumatano, 5 Machi

Saa kumi na mbili kamili nafika mlangoni toka kazini, baba keshakaa, pedi iko kwenye mto. "Umechelewa," anasema. Sijachelewa.

Amewapa wale wadudu majina. Yule mwenye kengele shingoni ni Mwenyekiti. Wale wanaotoka ukutani wakiwa kundi ni Shemeji. "Angalia, Shemeji hao wanakuja!" Nacheka, nasahau kuruka, mtoto anageuka tope. Mara ishirini na sita leo.

Baba hapendi kupita mahali bila kupatazama. Tulifika kwenye ukumbi wenye mapazia marefu yaliyooza, akasimama. Mimi roho mkononi, matone yanaanguka, yeye anatazama mapazia. "Aliyekata hizi alijua kazi," akasema. "Ona mikunjo."

Mama jikoni, kwa simu, kwa shangazi: hawa wawili wamekuwa watoto, wanapiga kelele kuliko mtaa mzima. Alikuwa anajidai kulalamika. Nilimsikia anavyocheka.

Jumamosi, 8 Machi

Daraja la Mizizi.

Jina tumelitunga sisi. Ni mizizi sita juu ya shimo lisilo na mwisho, na tone kubwa linaanguka juu ya kila mzizi kwa zamu. Inabidi kinundu kishikwe kulia bila kuachia, mwendo mmoja, toka mzizi wa kwanza mpaka wa sita. Ukilegea kidogo tu, tone linakukuta.

Kidole cha baba kinashika kwa kuhesabu moja, mbili. Halafu kinalegea. Si kwamba anakiachia. Kinalegea chenyewe.

Asubuhi mara hamsini na nane. Mchana mara arobaini. Hakuna mzaha tena, hakuna Shemeji. Halafu akaiweka pedi chini taratibu, akakikunja kile kidole kwa mkono wake wa kulia, kama mtu anayefunga kisu cha kukunja. Akageukia dirishani.

"Hii ndiyo basi tena," akasema. Hakuwa anazungumzia gemu.

Nilienda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie nikilia.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya jambo.

Nilimpigia kaka. Akasema kwenye mipangilio kuna mahali pa kuruhusu pedi mbili zimwendeshe mchezaji mmoja. Iliwekwa kwa ajili ya watu wenye shida ya mikono, akasema. Mwambie baba mgawane. Nikasema sawa.

Sikumwambia baba.

Pedi ya pili niliipakata chini ya mtandio. Mkono wangu wa kulia kwenye pedi yetu kama kawaida, wa kushoto umejificha. Baba akasukuma kinundu, nami nikasukuma. Chake kilipolegea, changu kilibaki. Mzizi wa tatu. Wa nne. Baba akaacha kupumua. Wa sita!

Alisimama. Alisimama bila fimbo! Akamwita mama, "Njoo uone kidole! Njoo uone kidole!" Mama akaja na unga mikononi, akakibusu kile kidole, kikabaki cheupe. Upande wa pili wa daraja kuna tanuri, na mtoto wa udongo akakaa mbele yake, mwanga ukacheza usoni pake, na ule muziki wa chupa ukawa muziki kamili kwa mara ya kwanza.

Sijawahi kuona baba na furaha vile tangu Novemba. Nikaikunja pedi ya pili ndani ya mtandio.

Jumanne, 11 Machi

Kazini. Mzee mmoja alikuja kuomba cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Sehemu ya C ya fomu lazima ijazwe na mwombaji kwa mkono wake mwenyewe, ndio utaratibu wa masijala yetu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Kila herufi safari. Foleni nyuma yake ikaanza kukohoa, na mimi foleni ikikohoa najisikia kama ninashtakiwa. Nikachukua kalamu, nikammalizia.

Saa nane mkuu wa masijala akaiweka fomu mezani kwangu. Hakupandisha sauti — ingekuwa afadhali. Miandiko miwili tofauti ndani ya sehemu C, akasema, haipokelewi, aje tena aanze upya. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia mzee, alikuwa bado amekaa kwenye benchi anasubiri.

Hakukasirika. "Ningemaliza, binti," akasema. "Ulipoichukua nilikuwa nimebakiza mstari mmoja."

Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni tumepambana na Shemeji kisimani, halafu tumemshinda Mwenyekiti. Baba anasema kidole sasa kinakimbia chenyewe. Mtandio ulikuwa mapajani mwangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi nimemkuta baba nyumbani mapema, ametulia, anakunywa chai.

Nikauliza Bi Vijiti amesemaje.

Hakwenda.

Maelezo yake haya hapa: kule anachomeka vijiti saa nzima na kidole kinamsaliti mbele za watu, hapa nyumbani kidole kinavuka daraja. Sasa dawa iko wapi? Hospitalini au sebuleni? "Siendi tena kupotezewa muda," akasema. "Daktari wangu ni yule mtoto wa udongo. Na wewe msaidizi wake."

Akanipigapiga begani kwa mkono wa kushoto. Mkono ule mzito. Niliuhisi mpaka mfupani.

Mama amefurahi. Mama anaamini kila kitu. Akasema kwa kweli hata yeye ameona mabadiliko.

Mtaalamu alisema mwezi wa kwanza, nami niliandika kwa sababu mimi huandika kila kitu: miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kufa na kupona kwa mkono, baada ya hapo njia inafunga. Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia tena, kana kwamba hesabu ingebadilika.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nitamwambia.

Sikumwambia.

Jumamosi, 15 Machi

Nilitoka kwenda sokoni. Niliporudi nilisikia cherehani toka barabarani.

Nilidhani naota. Nikakimbia. Shuka lilikuwa sakafuni. Baba amekaa mahali pake pa zamani, miwani puani, mbele yake blauzi ya mama ya kijani — ile aliyokuwa ameikata kabla ya kuugua na haikushonwa. Mama amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

Mshono ulikwenda vizuri kama urefu wa kiganja. Halafu ukapinda. Ukazidi kupinda, ukatoka nje ya kitambaa kabisa, na sindano ikabaki inashona hewa.

Akafumua. Akaanza tena. Ukapinda palepale.

Mara ya tatu akaacha. Hakupiga meza, hakusema neno baya. Alikiinua kile kidole karibu na miwani, akakitazama kama mtu anayemhoji mtoto wake.

"Mbona kwenye gemu unanitii?" akakiuliza. "Nimekukosea nini?"

Mama akasema labda umechoka, mume wangu. Akajibu hajachoka. Kuna kitu hapa hakielewi tu.

Mimi nilikuwa mlangoni na kapu la vitunguu. Naandika nikiwa bado na harufu yao mikononi. Mimi ni mwoga, najua. Naogopa simu, naogopa mbwa wa jirani, naogopa mkuu wa masijala akinyamaza. Lakini hili si uoga tu. Nilikuwa nampenda kwa haraka. Sijui kama kuna namna nyingine ya kuliandika.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia. Saa nne asubuhi, mama akiwa kwa jirani.

Sikuweza kulisema, kwa hiyo nilikwenda nikaileta pedi ya pili, nikaiweka mapajani pake. Nikawasha gemu. Nikasogeza kinundu chake. Mtoto wa udongo akatembea, na baba alikuwa hajagusa kitu.

Aliigeuzageuza pedi ile. Mtoto alikuwa mbele ya tanuri, anaota moto, hana habari.

"Tangu lini?"

"Tangu darajani."

"Mizizi yote sita?"

"Wa kwanza na wa pili ni wewe."

"Na Mwenyekiti?"

"Mimi. Karibu wote."

"Wale Shemeji wa kisimani?"

"Wale wewe, baba. Kisimani sikugusa. Haki ya Mungu, mtandio ulikuwa umedondoka."

Akafikiri. "Nilijua," akasema. "Kisimani nilijua ni mimi. Pale nilitoka jasho."

Nikaanza kulia, kulia kwa ovyo, kamasi na kila kitu. Nikamweleza vidole vyangu na miezi sita na Alhamisi. Nikasema nilitaka afurahi tu. Hakunibembeleza. Baba yangu, ambaye hata nikijikwaa hutaka kuipiga sakafu, hakunibembeleza.

"Nimeshona mbele ya mkeo," akasema mwishowe. Alikosea, alitaka kusema mke wangu. Hakujirekebisha. "Amesimama pale ananitazama, nami namwonyesha mkono usio wangu."

Akaingia chumbani. Akafunga mlango, polepole.

Mama aliporudi: mmekosana nini, nyie watoto?  Mezani baba aliomba chumvi kwa mama, ingawa ilikuwa karibu nami.

Jumatatu, 17 Machi

Hajanisemesha. Kazini nimegonga muhuri wa tarehe ya jana kwenye fomu kumi na moja. Nimezipeleka mwenyewe kwa mkuu kabla hajaziona. Akaniangalia, akasema haya, rekebisha. Basi. Nikabaki nimesimama nasubiri sehemu iliyobaki ya karipio. Haikuwepo.

Jioni televisheni ilikuwa imezimwa. Baba alikuwa uani na ule mpira wa kubana aliopewa hospitalini, ambao aliuapia kuwa hataugusa tena. Aliponiona akauficha mfukoni.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nikiwa sebuleni, kitini, pembeni ya kabati. Nimewekwa hapa.

Nilipoingia saa kumi na mbili, gemu lilikuwa linawaka. Baba yuko kwenye kochi, pedi moja, mikono yake miwili. "Kaa pale," akasema, bila salamu. "Pale ninapoiona mikono yako yote." Nikakaa. Nikaiweka magotini kama mwanafunzi. Akanitazama kidogo. "Andika basi hicho kitabu chako. Ukikaa hivyo unaniletea mkosi."

Kumbe amemrudisha mtoto nyuma. Amemtoa kwenye tanuri, amemtoa ng'ambo, amemrudisha Daraja la Mizizi. Mama anasema yuko hapo toka saa tisa.

Sasa ameanza. Mzizi wa kwanza. Wa pili. Akabomoka.

Tena. Wa pili. Tope.

Ana mtindo mpya. Hashiki moja kwa moja. Anasimama penye mzizi, anasubiri tone lianguke mbele yake, ndipo anasogea. Sikujua inawezekana! Mimi nilikuwa nakimbiza tu. Kidole kinafanya kazi kidogo, kinapumzika, kidogo, kinapumzika. Ni polepole kiasi cha kuumiza. Mama amekuja na blauzi ya kijani, anaifumua mshono kwa pini, anajifanya haangalii.

Mara ya kumi na nne tangu nianze kuandika. Baba, bila kugeuka: "Usihesabu." Nilikuwa nimenyamaza kabisa. Amejuaje?

Mzizi wa tatu! Yuko wa tatu. Mwenyewe.

Amesimama hapo. Ametoa kidole kwenye kinundu, amekilaza gotini, anakisugua kwa mkono wa kulia. Mtoto wa udongo anatazama huku na huku, anachezesha miguu, kama anayesubiri mtu.

"Keshokutwa ni Alhamisi," baba ameiambia televisheni.

Nimesema ndiyo.

"Bi Vijiti atanitukana. Sitaki kwenda peke yangu kutukanwa. Omba ruhusa kazini."

Nimesema nitaomba.

"Kwa mdomo wako. Si mama yako apige simu aseme unaumwa tumbo."

Mama amecheka ndani ya blauzi. Mimi tayari nasikia sauti ya viatu vya mkuu wa masijala. Nimesema sawa, baba. Kesho. Asubuhi kabla ya foleni.

"Haya," amesema. Ndilo neno la kwanza laini tangu juzi.

Tone linajikusanya juu ya mzizi wa nne. Linavimba. Kidole cha baba bado kiko gotini, na mimi nimekalia mkono wangu wa kushoto ili usimsaidie.