Posa ya Kombe la Tano

Ndola, Zambia
Machi 3, 2024

Kwa mke wangu mkubwa, Bi Levina,

Shikamoo. Magoti yameamkaje? Na nyuki wako, wameanza kuingia kwenye mizinga au bado wanajishauri? Mimi mzima kabisa, nakula, nalala, nazeeka kidogo kidogo.

Barua hii nimeandika kwa mkono wangu nikaipiga picha. Ba'mdogo Marko ataichapisha pale stesheneri Sikonge akuletee. Najua hutaki kusomewa kwenye simu, eti simu haina pa kukunja.

Habari ya kwanza, jana nimeshinda. Siku ya tatu nilizunguka uwanja wote wa gofu kwa mapigo sitini na moja. Mapigo hayo hapa hajawahi kuyafikia mtu, na uwanja wenyewe ni wa zamani, umechimbwa wakati wa Waingereza. Jina langu wameliandika ukutani. Nililipitia mara nyingi nikijifanya natafuta choo.

Habari ya pili, kaa kwanza. Nimekupatia mwenzako. Anaitwa Uwimana, ni nesi kule Ulyankulu. Tulikutana hospitali Tabora, kabla hajahamishiwa huko, nilipokwenda na mgongo wangu. Akanichoma sindano, nikajisemea, huyu mkono wake hautikisiki, angecheza gofu mimi ningekosa kazi. Baba yake ni mzee Prosperi, mkulima wa tumbaku, Mkatoliki wa kweli, asiyecheka hovyo.

Baba yangu, mwanao, hayupo duniani. Ba'mdogo Marko unamjua, mbele za watu anakuwa kama kaambiwa afumbe mdomo apewe zawadi. Kwa hiyo mshenga ni wewe. Najua mshenga huwa mwanaume. Lakini wanaume wa Ipole wote wakichanga maneno hawakufikii.

Ila nakuomba, huko usitanie. Nenda kama mtu mzima.

Mumeo,
Luhende

*

Ipole
Machi 24, 2024

Mume wangu,

Marahaba. Magoti yanauma, asante kwa kuyakumbuka, maana wewe ukinisalimia unaanza na magoti kama mnunuzi wa ng'ombe. Nyuki wameingia mizinga ya upande wa mtoni. Ya huku juu bado.

Nimeshakwenda Ulyankulu. Tulitoka na Marko, na mbuzi wawili, na yale makombe yako manne ya Maziwa Makuu kwenye kiroba. Kwenye basi kiroba kilikuwa kinalia kama duka la sufuria. Watu wakadhani tunahama.

Tumepokelewa vizuri. Wakatupa maharage na ndizi, wakatuamkia kwa Kirundi, amahoro, na mimi nikaitikia nikijifanya nimezoea. Mwenzako, yaani mwenzangu, ni mtoto wa maana. Ana adabu na ana macho ya kuona. Nimekubali kuibiwa na yule.

Kasheshe ni baba yake. Nikapanga makombe mezani, nikamwambia mjukuu wangu kazi yake ndiyo hii. Akauliza, kazi gani. Nikasema anapiga kampira kadogo kanaingia shimoni. Akauliza, halafu. Nikasema halafu anakwenda shimo lingine. Mzee akachungulia ndani ya kombe. Marko naye akachungulia. Nikaona nimtie hamu, nikamwambia kule Zambia juzi kapata sitini na moja. Akauliza wenzake walipata ngapi. Nikasema sabini, sabini na mbili, sabini na tano. Akanitazama kwa huruma, mume wangu. Akasema, pole mama, kumbe wote wamemzidi.

Mbuzi wamepokelewa, jibu halijatoka. Niandikie hiyo kazi yako niielewe, nirudi nayo.

Mkeo mkubwa,
Levina

*

Kampala
Aprili 14, 2024

Mke wangu wa ujana,

Shikamoo. Pole kwa safari na pole kwa kiroba. Mimi sijambo, mgongo tu unasumbua kidogo, mvua ya huku haina adabu.

Nilivyosoma habari ya sabini na tano nimecheka mpaka Nasri, yule anayenibebea begi la fimbo uwanjani, akaja kuangalia kama nimepata homa. Sasa mwambie mzee hivi. Wanawake wawili wanatoka kisimani, kila mmoja na ndoo kichwani. Mmoja kafika nyumbani kamwaga kidogo, mwingine kamwaga nusu. Fundi ni nani? Kwenye gofu kila pigo ni maji yanayomwagika. Uwanja unakuruhusu kumwaga sabini na mbili. Mimi nilimwaga sitini na moja.

Akiuliza nilianzaje, usimfiche. Darasa la tano niliachana na shule, tukaagana vizuri bila ugomvi. Nikapanda treni na asali yako kwenda Dar, nikauzia getini kwa wacheza gofu. Mipira yao ikapotea vichakani, nikawa naitafuta nawauzia wenyewe. Halafu nikawabebea mabegi. Na kubeba mzigo kwa Mnyamwezi si kujifunza, babu zetu walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu, wakirudi wanaimba. Siku moja tajiri mmoja akanipa fimbo yake nijaribu, akitaka kucheka. Hakucheka.

Ubingwa wa taifa nimechukua mara saba. Nimeshinda Kenya, Malawi, hapa Uganda mara mbili, Zambia umeshasikia. Kuna mwaka nilicheza msimu mzima sikutoka nje ya kumi bora hata mara moja. Kombe la Maziwa Makuu nimelichukua mara nne, nipo sawa na mzee mmoja wa Zambia aliyestaafu. La tano hajalichukua mtu. Mwaka huu linachezwa Kigali, Septemba.

Msomee taratibu. Na usiongeze chumvi, imetosha.

Mumeo,
Luhende

*

Ipole
Juni 9, 2024

Mume wangu,

Marahaba. Ni mzima, ila moyo hauko sawa, na utaona kwa nini.

Nilirudi Ulyankulu, nikamsomea mzee barua yako yote. Ile ya ndoo aliielewa vizuri, hata mama mkwe wako akacheka. Nikafika kwenye mara nne. Mzee Prosperi akasema, mama, mimi sikatai, lakini mchezo ni mchezo. Tumbaku ikikubali mwaka huu, hata mjinga anavuna. Nitajuaje kama siyo bahati tu inampitia kijana.

Hapo ulimi ukaniponyoka. Unajua mimi na wewe tulivyozoea, nikikutaja tu utani unakuja wenyewe. Nikasimama mbele ya wazee wao wote, nikasema, mume wangu atalichukua na la tano ambalo hajalichukua binadamu, na asipolichukua, turudishieni mbuzi wetu na posa ife.

Nilitania, mume wangu. Ningesema vile Ipole watu wangecheka tukaendelea kunywa chai. Wale si watani wetu, hawakucheka. Mzee alinyanyuka akanipa mkono. Akasema, neno limetoka kwako mama, na mimi nimelipokea. Wazee wakapiga makofi mara moja, basi, ikawa sheria. Marko ndipo akapata sauti, akaniuliza kwa Kinyamwezi kama nina akili.

Uwimana alinisindikiza mpaka stendi. Basi lilipokuja akaniambia, "Bibi, mimi si kuku wa mnadani. Luhende namtaka awe na kombe au awe na sahani. Lakini bila mkono wa baba kichwani siolewi. Kwa hiyo umemfunga yeye na umenifunga mimi."

Sijapata usingizi mzuri toka siku hiyo. Nisamehe.

Levina

*

Nairobi
Agosti 11, 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Miezi miwili hii sikukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu naanza kucheka, halafu naacha kucheka. Watu wanaweka rehani baiskeli. Wewe umeniwekea rehani mke ambaye sijampata.

Ukweli ni kwamba mambo hayaendi. Toka barua yako nimecheza mashindano mawili na yote nimetolewa siku ya pili, na mimi sikuwa nimetolewa mapema tangu nikiwa na ndevu tatu. Nikisimama kupiga namwona mzee Prosperi amekaa juu ya mpira kakunja mikono. Mgongo nao umejua kuna shida, unadai haki yake. Magazeti yameandika Luhende amezeeka. Nina miaka thelathini na nane. Nasri anasema nimekuwa mpole mpaka anaogopa.

Uwimana anapokea simu, tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua.

Nakwenda Kigali hivyo hivyo.

Luhende

*

Ipole
Agosti 25, 2024

Mume wangu,

Mimi ni mzima, na wewe utakuwa mzima.

Sikiliza. Kabla hujazaliwa babu yako alipanda mti kurina asali akiwa na hasira na jirani. Nyuki walimshusha bila ngazi. Alipopona alirudi mti uleule akipiga mluzi, akashuka na ndoo mbili. Nyuki wanasoma mwili wa mtu. Na huo mpira wako nadhani unasoma.

Sasa mwondoe Prosperi juu ya mpira. Niweke mimi, unitanie, halafu unipige.

Mkeo mkubwa,
Levina

*

Kigali
Septemba 23, 2024

Kwa mke wangu mkubwa, mwenye ulimi wa gharama,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu weka akiba. Habari za Ipole? Habari za magoti? Yaambie yacheze.

Nimelichukua.

Siku mbili za mwanzo nilikuwa wa kumi na moja. Nikakuweka juu ya mpira kama ulivyosema, nikawa nakuambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa maana najua barua hii utaisoma kibarazani watu wakikusikiliza. Siku ya tatu nikapanda mpaka wa pili. Siku ya mwisho, shimo la mwisho, niko mbele kwa pigo moja tu, na Mkenya niliyecheza naye mpira wake umekaa pazuri, karibu na bendera. Wangu ukaenda chini ya mti.

Nafika pale, nakuta kundi la nyuki limening'inia kwenye tawi kama ndevu za mzee, usawa wa kifua changu. Nasri alipoliona alitupa begi akakimbia. Sijamwona anakimbia hivyo hata siku ya mshahara. Mwamuzi akaja, akasimama mbali, akaniambia sheria inaniruhusu kuhamisha mpira bure kwa sababu ya hatari. Nikaangalia pa kuuhamishia. Ni nyuma ya shina, bendera huioni, hapo ningepoteza pigo, na mke. Chini ya nyuki njia ilikuwa nyeupe mpaka shimoni.

Nikawaangalia vizuri. Ni kundi linalohama, bibi. Limeshiba, halina nyumba ya kulinda, limetulia. Nikamwambia mwamuzi, "Hawa ni wasafiri tu, wanapumzika. Mimi kwetu tunawapisha."

Nikapiga magoti, mgongo ukalia, nikausukuma mpira chini chini kama panya anayekwepa paka. Hakuguswa nyuki hata mmoja. Mpira ukapanda kilima, ukageuka, ukasimama umbali wa unyayo wangu kutoka shimoni. Watu walipiga kelele, halafu wakanyamaza wakikumbuka nyuki.

Begi liko chini, wa kulibeba yuko mbali anachungulia. Basi nikalitia begani mwenyewe nikapanda nalo kilima chote. Wakasimama, Wanyarwanda, Wakenya, Waganda, wote wananipigia makofi. Nilijiona mpagazi anayeingia Bagamoyo. Nikagusa mpira ukaingia, na lile pigo langu moja la mbele likabaki. Wakapandisha bendera yetu, wakapiga wimbo wa taifa, na mimi niliyekwambia silii, ndiyo hivyo.

Makombe matano. Hakuna mwingine.

Sasa niambie. Namtafuta mzee Prosperi toka jana, simu yake inaita haipokelewi. Na Uwimana ananiambia baba kavaa suti asubuhi akaondoka bila kuaga. Kaenda wapi?

Mumeo,
Luhende

*

Ipole
Septemba 25, 2024

Mume wangu, bingwa wangu,

Marahaba zote tatu. Hapa kijiji kizima hakijambo, kimekula, kimekunywa, kimeimba. Jumapili jioni wanakwaya walipandisha wimbo wa shukrani mpaka mchungaji akaomba maji.

Prosperi alikuja kwangu.

Jumatatu jioni namwona mtu wa suti anakuja kwa miguu toka barabarani, viatu kashika mkononi visiingie vumbi. Baba wa binti hafungi safari kuwafuata waposaji, hata kwao hata kwetu. Nikajua anarudisha mbuzi. Nikatazama nyuma yake, mbuzi hakuna. Nikampa kiti na maji. Hakunywa. Nikaanza kuomba radhi kwa ule ulimi wangu, akaninyamazisha kwa mkono.

Akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Mama, mimi nimeingia nchi hii toka Burundi nimebebwa mgongoni. Nimekua naitwa mkimbizi, nimeoa naitwa mkimbizi, karatasi ya uraia nimepewa nina mvi. Jumapili Uwimana kaniwekea simu mezani. Wimbo wa taifa ukapigwa, na aliyepigiwa ni kijana anayemtaka mwanangu. Nikajikuta nimesimama. Peke yangu sebuleni, nina soksi moja. Sijawahi kupigiwa wimbo ule kwa ajili ya mtu wa kwangu."

Halafu akasema lile la nyuki hakuliamini mpaka kaangalia mara ya pili. Akasema anayejua pa kuogopa na pa kutoogopa, huyo ana kazi, siyo bahati. Ndipo akanywa maji.

Kalala hapa. Asubuhi Marko kampeleka kuona mizinga, na usishangae, wote wawili walikuwa wanaongea.

Uwimana nimempigia mwenyewe. Ameniambia kwanza mimi na yeye tuna kesi, tutaimaliza jikoni. Halafu akacheka, akalia, akasema anarudi wodini, wagonjwa wanamsubiri.

Harusi ni Jumamosi ya pili ya Novemba, kanisani kwao. Mzee ana sharti moja tu, na hili sikulitoa mimi. Ukishuka kwenye basi Ulyankulu, kombe usiliweke kwenye begi. Lishike mkononi, na yeye atakuwa stendi, mtatembea naye njia ile ndefu ya kupitia sokoni.

Mkeo mkubwa, anayepisha,
Levina