Msonobari Unaosubiri

Mwalimu Elibariki,

Mkeo amenikabidhi tafsiri yako ya mashairi ya kasri la Japani, niihariri. Meza yako hapa Kongowe iko palepale. Kiti kimehamia sebuleni, anakikalia mjukuu.

Mchapishaji anataka maelezo yako ya siasa iliyofichwa katika mashairi yaondolewe. "Dada, wasomaji wanataka maua," aliniambia. Nusura nikubali. Unajua sikuwahi kukuamini. Ulishikilia kwamba yule mtumishi wa kasri, aliyenyimwa cheo karne nyingi zilizopita, alipomwandikia mfalme kuhusu msonobari uliofunikwa na theluji, alikuwa anadai nafasi yake. Nikakujibu, "Mti ni mti, Mwalimu." Ukaeleza upya, chai ikipoa: kwa Kijapani *matsu* ni msonobari, na *matsu* hiyohiyo ni kusubiri. "Mwandishi mzima wewe," ukacheka, "unauona mti, humwoni anayesubiri!"

Wiki iliyopita nilikwenda Msimbu, kule Kisarawe, kuripoti mkutano wa kijiji. Msitu wao umeisha kwa kuchomwa mkaa, na kila mtu anamshuku mwenyekiti, ila hakuna anayethubutu kulisema. Alipoingia, akina mama wakampokea kwa ngoma na vigelegele: "Kaa, mwenyekiti, kaa! Kaa, baba, kaa!" Akakaa, anatabasamu, anapunga mkono. Nikaandika: amepokewa kwa shangwe.

Ndipo mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Kaa, baba, lakini angalia usiungue!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akanyanyuka kama aliyekalia kaa la moto kweli, akaanza kujitetea habari za msitu. Mwalimu, hakuna aliyekuwa ameutaja msitu! Hata ajenda ilikuwa haijasomwa.

Nikafuta sentensi yangu. Miaka yote hii naripoti mikutano, sijui nimeandika "shangwe" ngapi za namna hiyo.

Nimempigia mchapishaji. Maelezo yako hayaondolewi, hata mstari mmoja. Asipoyataka, kitabu kinakwenda kwingine. Amesema atafikiria. Mimi nimemaliza kufikiria.

Pumzika, Mwalimu. Ulikuwa sahihi, na ningependa ungekuwepo unitambie. Kitabu kikitoka, nakala ya kwanza naipeleka Msimbu mwenyewe. Nitawasomea wale mama shairi la msonobari, niwape maana mbili za *matsu*, halafu ninyamaze. Yaliyobaki watanieleza wao.

Mwandishi wako,
Zuhura