Kutu Katika Saluni ya Mama

North Dakota,
18 Februari 1996

Kwako Kaka Clemens,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi Darlene na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Huko Arizona mnavaa kaptula, sisi huku theluji imefika madirishani na gari haliwaki mpaka ulibembeleze. Ningependa kusema hatujambo, lakini nitakuwa nakudanganya, na uwongo wa kwenye simu umenitosha.

Ni Mama aliyenituma nikuandikie. Amesema kwenye simu hawezi, ataanza kulia na wewe utaanza kumtuliza, halafu jambo lenyewe halitasemwa. Kwa hiyo naandika alivyoniagiza: nikwambie kwamba hali ya Baba imetokana na yeye. Amesema usije ukamtafuta mchawi mwingine. Na kama utaona huwezi kumtazama usoni wakati wa Pasaka, usijilazimishe kuja, ataelewa.

Ngoja nikueleze yote, maana ulichosikia ni kwamba Baba alivuta hewa mbaya akalazwa, basi.

Unakijua chumba cha chini. Upande mmoja saluni ya Mama, viti viwili na draya tatu, upande wa pili lile tanuri la gesi linalopasha nyumba nzima joto, na kati yao pazia tu. Tangu mwaka jana Baba alikuwa na desturi ya kushuka baada ya chakula cha mchana na kulala kwenye kiti chake kando ya tanuri. Alidai ni kwa sababu ya joto. Mimi nadhani alipenda kusikia umbea wa wanawake huku akijifanya amelala, maana jioni alikuwa anajua habari za mji mzima.

Kuanzia Desemba sote tukaanza kuumwa vichwa. Tulisema ni mafua. Madirisha ya chini yalikuwa yanatiririka maji kila siku, tukasema ni mvuke wa kuosha nywele. Tarehe tisa Januari, siku ya Jumanne, Bi Ottilia alikuwa chini ya draya akasema anajisikia kutapika. Mama akampandisha juu ampe chai na kipande cha kuchen, keki yake ya siku zote, wakakaa jikoni karibu saa nzima. Aliposhuka kumwamsha Baba, Baba hakuamka.

Hospitali wamemrudishia uhai, ila si akili yote. Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, maana hatuwezi kumnyanyua wawili. Anakula vizuri, anatabasamu, hajui mwezi wala mwaka. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Mama huenda kila asubuhi kumnyoa na kumlisha, naye Baba humshukuru kwa adabu kama anavyowashukuru wauguzi, kisha humuuliza kama amemwona mke wake, mbona hajafika. Mama humjibu kwamba yuko njiani. Nimeshuhudia mara tano, na mara zote nimetoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti.

Siku ya pili baada ya ajali alikuja Wendelin, fundi yule yule aliyetuwekea tanuri miaka minne iliyopita. Alilifungua akamulika ndani kwa tochi. Akatuonyesha sanduku la chuma lililo ndani, lile linalotenganisha moto na hewa inayopanda vyumbani. Limeliwa na kutu mpaka limepasuka, na bomba la moshi nalo limetoboka pale linapopinda kuingia ukutani. Alisema chuma cha namna ile hukaa miaka ishirini. Alinusa nusa hewa, akatazama rafu ya Mama, dawa za kutia mawimbi na za kung'arisha nywele, akaeleza kwamba tanuri huvuta hewa ya chumba lilimo. Mvuke wa dawa hizo ukipita kwenye moto hugeuka kuwa asidi, na asidi inakula chuma kimya kimya. Ameshaliona hilo kwenye saluni nyingine mbili.

Alimwambia Mama taratibu kabisa, "Alvina, hukujua. Hakuna aliyekwambia." Lakini Mama alikuwa ameshasikia neno dawa, na baada ya hapo hakusikia kitu kingine.

Tumeweka tanuri jipya. Hili limefungwa pande zote, linavuta hewa yake nje kwa bomba la plastiki na kutolea moshi nje kwa jingine, halionji hata kidogo hewa ya ndani. Kila theluji ikianguka natoka na koleo kuhakikisha midomo ya mabomba haijazibwa. Kuna pia kengele za kutambua hewa ya sumu, moja chini na moja mlangoni kwa Mama. Wendelin amesema sasa Mama anaweza kutia watu mawimbi mpaka achoke. Mama hataki. Chupa zote amezipeleka jalalani, draya amezitoa kwenye mnada wa kanisa, na saluni ameifunga kwa kufuli, ile saluni ambayo ndiyo iliyomfanya asife njaa wala upweke miaka thelathini. Ijumaa Bi Ottilia alikuja na nywele zimelala kama za mtu aliyenyeshewa, akagonga na kusema, "Wewe Alvina, nifungulie. Kama utaniua, niue nikiwa nimependeza." Zamani Mama angecheka mpaka akae chini. Alimrudishia mlango polepole, na Ottilia akabaki barazani ananitazama mimi kana kwamba nina la kufanya.

Na ninalo, Clemens. Hapa ndipo agizo la Mama linapoishia.

Wendelin alipoweka lile tanuri la zamani alitoboa pia tundu ukutani, bomba la kuleta hewa safi kutoka nje, nene kama mkono wa mtu. Mama alikuwa na mteja, kwa hiyo alinielekeza mimi. Alisema chumba kina dawa nyingi, hewa hii ndiyo itakayozipunguza, na bila hiyo tanuri litakosa pumzi na kuurudisha moshi wake ndani. Akasema baridi itaingia, tuivumilie, bomba lisiguswe. Nikaitikia.

Baridi ilipofika, wanawake wenye vichwa vibichi walilalamika upepo unawakata shingo. Bi Ottilia alitaka kujua kama anatiwa mawimbi au anagandishwa. Mimi ndiye niliyekuwa naosha nywele siku hizo, nikachukua taulo mbili za saluni nikazishindilia ndani ya bomba, chumba kikawa kizuri mara moja. Nikafanya hivyo kila mwaka baridi ikianza, na kuzitoa majira ya kuchipua. Miaka minne. Sikumwambia mtu, si kwa kuficha. Lilikuwa jambo dogo, kama kuziba ufa wa dirisha.

Siku ile wakati gari la wagonjwa linaondoka na Mama akiwa ndani yake na Baba, mimi sikuwafuata. Nilishuka chini nikijifunika pua, nikazichomoa. Nilizifua na nguo nyingine, nikazikunja, nikazirudisha kwenye rafu. Wendelin alipokuja alikuta bomba liko wazi. Alikuna kichwa, akasema hewa ya kutosha ilikuwepo, basi itakuwa dawa zilizidi mno. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Mama alinitazama, na mimi nikatazama sakafu.

Kila asubuhi naamka nimeamua kumwambia. Namkuta amevaa koti, ameshika wembe wa Baba kwenye mfuko, anasubiri nimpeleke, nami nachukua funguo za gari tu. Nikisema, nitamrudishia saluni yake, na atabaki na mimi tu wa kumpeleka kila siku kule, huku akijua nilichofanya. Sijui la kufanya, kaka. Wewe ni mkubwa. Njoo Pasaka, usimsikilize, njoo unisemee.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Bi Ottilia naye anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Leona

Tena: Nilikuwa naifunga barua, Mama akaniita jikoni nimsomee kwanza, maana mtoto wa jicho amemzidi na haoni tena herufi. Nimemsomea polepole. Nilipofika pale agizo lake linapoishia nimeruka, nikaenda moja kwa moja kwenye salamu. Amesema nimeandika vizuri, ukweli mtupu, yeye asingeweza. Ameomba kalamu aweke jina lake. Nimemshika mkono nikamwonyesha penye nafasi, na nafasi iliyobaki ni hapa tu, chini ya yote.

Alvina