Nyasi Zilizokuwa Sakafuni

Mpendwa Tata,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungeniona leo ungeuliza, "Muhara wange, binti yangu, mbona uso umekushuka?" Nami ningekujibu kwamba ni kazi ya ualimu hapa Bukoba, watoto wamejaa darasani na mvua haikatiki. Ningekuwa nakudanganya. Kilichonichosha ni maneno machache niliyoyameza siku nilipokuwa nimesimama kando yako dukani, nikiwa bado msichana wa shule.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Ijumbi? Swali gani hilo! Uliijenga kahawa ilipopanda bei: matofali ya kuchoma, bati juu, dari la mbao, sakafu ya saruji inayong'aa. Watu walikuja kutoka Kagoma kuishangaa tu, nawe unawapokea mlangoni, "Karibuni, karibuni waitu," utafikiri umefungua hoteli. Kasoro yake ilikuwa moja. Mbele ilikuwa na kibanja na migomba yake, lakini nyuma ilipakana na rweya, ile mbuga ya nyasi ambayo wachungaji waliichoma kila kiangazi ili ng'ombe wapate majani mapya. Kila kiangazi hukulala vizuri mpaka mvua inyeshe.

Ndipo ukasikia kwa wenzako wa kahawa kwamba Bukoba mjini kuna mtu anakatia watu bima ya moto. Nilikueleza nilivyofundishwa shuleni, kwamba unalipa kidogo kila mwaka na nyumba ikiungua kampuni inakujengea nyingine. Ukacheka. "Kwa hiyo nalipa ili nisiungue?" Nikasema, "Hapana Tata, unalipa ili ukiungua usilie." Ulilipenda jibu hilo, ukalirudia kwa kila tuliyekutana naye njiani.

Wakala alikuwa Mhindi muuza vitambaa, mtu mpole. Fomu za kampuni zilikuwa za Kiingereza, naye aliuliza kwa Kiswahili, wewe ukajibu kwa Kihaya, mimi nikatafsiri. Kuta? Matofali. Vyumba? Sita. Nyuma kuna nini? Rweya. Halafu akauliza bila kuinua kichwa, "Nyasi zipo?"

Yeye aliulizia paa. Wewe mawazo yako yalikwenda kwa mama, ambaye kila Jumamosi alikata nyasi laini akazitandaza sebuleni, saruji au si saruji, maana kwako nyumba isiyotandikwa nyasi ilikuwa haijamkaribisha mtu. Uso ukakunjuka. "Mwambie zipo. Tena mbichi, za juzi." Nami nikasema, "Zipo."

Wakala akatikisa kichwa, akasema nyumba ya nyasi iliyo kando ya mbuga ada yake iko juu. Ukaniuliza kwa nini iwe juu. Nikakwambia ni kwa sababu ya nyasi. "Loo! Kumbe nyasi za mama yako zina bei!" Ukalipa huku unacheka, ukatia sahihi.

Aliposema "nyumba ya nyasi" ndipo nilipoelewa, Tata. Kabla hujaishika ile kalamu nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba amekuandikia paa la nyasi. Ilitosha niseme, "Bwana, paa ni la bati, nyasi ziko sakafuni." Lakini wenzangu wawili wa shule ya misheni walikuwa pale pale wakichagua vitambaa vya magauni. Nilikuwa nimewaambia kwetu kuna sakafu ya saruji kama ya Wazungu. Niliona haya wasikie kwamba juu ya saruji hiyo tunatandika majani kama watu wa zamani. Nikajifanya natazama vitambaa, nikakuacha utie sahihi.

Moto ulikuja mchana, watu wote tukiwa shambani tunachuma kahawa. Upepo uligeuka, cheche zikaingia chini ya bati, dari likashika. Migomba iliuzuia usifike kwa majirani, basi. Tulipofika na ndoo bati lilikuwa linaporomoka. Ulisimama umevua kofia, ukasema, "Asante Mungu hakuna mtu ndani." Kisha ukanigeukia ukasema kwamba sasa huna haja ya kulia, bima ipo. Uliniangalia mimi ulipokuwa unasema hivyo.

Mkaguzi wa kampuni alikuja siku chache baadaye, Mzungu kijana, jasho linamtoka. Akaligusa bati lililojikunja kwa ncha ya kiatu, akauliza, "Hili limetoka wapi?" Nikamwambia limetoka juu ya nyumba. Akasoma karatasi yake, akasoma tena. "Nyumba tuliyoikatia bima ni ya nyasi," akasema. "Hii ilikuwa ya bati. Nyumba hii hatuijui." Nilimweleza habari ya nyasi za sakafuni, zote, mpaka jinsi zinavyokatwa. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema mwenye nyumba ametia sahihi, na kampuni haiwezi kulipia nyumba isiyoandikwa. Akapanda gari lake.

Ukaniuliza, "Amesemaje?" Nikakwambia. Ukauliza, "Nilikosea wapi, mwanangu?"

Nikakujibu, "Swali lilikuwa la paa, Tata. Hukulielewa."

Hukulielewa! Nilikutazama usoni nikalisema. Sijui nililitoa wapi, lilitoka upesi hivyo.

Ulikubali. Hilo ndilo linalonimaliza, kwamba ulikubali bila kubisha. Ulijenga mushonge pale pale, duara, nyasi mpaka chini, kama wa baba yako. Kila aliyekuja kukupa pole ulimwambia, "Kiswahili changu ndicho kilichoniponza." Halafu unaongeza mzaha: "Sasa ninayo ya nyasi kweli. Nirudisheni kwa wakala." Watu wanacheka, wewe unacheka, na mimi naondoka kwenda kuchochea moto jikoni ambao haukuhitaji kuchochewa. Hukujenga ya matofali tena. Umekufa mle mle, na ulipokuwa unaumwa ulinisifu kwa wageni, "Huyu ndiye mdomo wangu mjini."

Kwenye mazishi yako mzee wa kanisa alisimulia habari hiyo ya Kiswahili chako. Watu walicheka na machozi yao, jinsi watu wanavyocheka msibani wanapompenda marehemu. Nami nikacheka. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kaburini kwako.

Ndiyo maana barua hii naiacha wazi, kila mtu aisikie. Kiswahili chako hakikuwa na kosa, Tata. Uliulizwa kama nyasi zipo, na zilikuwapo. Aliyekunyima nyumba ni mimi, kwa sababu ya wasichana wawili ambao leo hata sijui wameolewa wapi. Nisamehe. Najua ungenisamehe kabla sijamaliza kusema, na ndiyo sababu niliogopa kukwambia ukiwa hai.

Mchungaji amekubali niisome kanisani Jumapili baada ya matangazo. Mama atakuwa benchi la pili, naye hajui lolote. Tangu siku ile ya mkaguzi hajatandika nyasi tena, hata Krismasi. Anakaa kwenye sakafu tupu, na akiulizwa husema nyasi zake ndizo zilizomwangusha mume wake. Wewe ulijilaumu kwa Kiswahili, yeye anajilaumu kwa nyasi, na mimi nimekuwa nikija kila likizo kula chakula chake.

Pumzika, Tata waitu. Jumapili nikisoma nitamtazama yeye.

Binti yako, uliyemwamini akusemee.