Bundi Chini ya Godoro Langu

Musyoka, kaka yangu,

Jezi yako ninayo mimi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na wewe unajua nikizunguka sifiki. Haikupotea. Haikuibwa na mafundi wa chumba cha tatu kama ulivyodhani asubuhi ile. Iko chini ya godoro langu, imekunjwa mara nne. Wewe umezikwa Kitui wiki tatu sasa, nami bado nalala juu yake.

Umezikwa. Nimeliandika hilo neno, nimelitazama, halikai. Ni kama fomu yenye jina la mtu mwingine.

Kitanda chako amepewa dereva kutoka Uganda, mtu mpole, hapendi kuulizwa maswali. Lori jipya limekuja. Pale Bandari ya Jeddah askari wa geti bado ananiuliza, “Wen sadik?”, rafiki yuko wapi, na mara mbili nimemjibu kwamba uko Riyadh. Sikukusudia kumdanganya. Mdomo wenyewe ndio uliosema. Ofisini ule ubao wa timu haujaondolewa nyuma ya kiti cha bosi, na jina lako bado liko chini ya yule ndege. Hakuna aliyethubutu kulifuta. Langu lilikuwa halipo popote.

Unaukumbuka ubao ule. Mimi naukumbuka kuliko ninavyokumbuka uwanja wa ndege tulioshukia pamoja. Siku yetu ya pili kazini bosi alituita sote wawili, akasimama mbele ya picha za nembo za timu, akasema kwa sauti yake ya Kikanada isiyopanda wala kushuka kwamba katika ofisi yake kila mgeni huchagua timu moja ya hoki ya barafuni, na akishachagua habadilishi mpaka siku anayoondoka. Niliganda. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ilikuwa haijatoka, nilikuwa katika miezi ya majaribio, na mtu ambaye kalamu yake ingeweza kunirudisha Voi ananiambia nichague kati ya timu nisizozijua, katika mchezo nisiouona maishani, unaochezwa juu ya kitu ambacho mimi nilikijua ndani ya gilasi tu. Nikamwomba anipe muda.

Wewe hukuomba muda. Bosi hajamaliza kusema, tayari kidole chako kimefika kwenye bundi.

Nilikuvuta shati. Bosi alidhani nakuonya kwa sababu timu ile ilikuwa ya mwisho kwenye msimamo, akacheka, akasema ni kweli, hawa wanafungwa kila wiki, lakini bundi ni ndege mwenye hekima. Hekima. Kwetu bundi akitua juu ya paa, watu wazima huamka kumfukuza kwa kijinga cha moto, na kesho yake kila mtu wa nyumba ile hujitazama mwilini. Hata Abu Fahadi, anayeshughulikia ikama zetu, alipopita na kuona ulichochagua aligeuza uso akasema, “Buma? La, la.” Waarabu nao hawamtaki. Chumba kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyemwona ndege yule mzuri, naye alizaliwa kwenye theluji. Na wewe.

Jioni chumbani nilikuuliza kama una akili timamu. Ulikuwa unakata kucha. Hukuinua hata macho.

“Bundi hakuniita mimi, karani. Mimi ndiye nimemwita.”

Nikasema hilo halibadilishi kitu. Ukasema linabadilisha kila kitu, kisha ukanicheka kwamba nimekuja Saudia na vyeti viwili na bado naogopa kuku wa usiku.

Mimi nilianza kutengeneza jedwali. Unalijua, ulilionyesha watu. Niliandika kila timu, rangi yake, imeshinda mara ngapi, na safu ya mwisho niliyoipa jina “uhusiano na bosi”, maana hakuwa amesema yeye ni wa timu gani na niliogopa kuchagua mahasimu wake. Wiki zikapita. Kila Ijumaa asubuhi, akituonyesha mechi kwenye runinga ya ofisi pamoja na chai na mkate, aliniuliza kwa upole, “Bado?” Ukanijibia wewe: “Mwache, bosi. Kwake timu ni kama kafili, mwajiri aliyeshika kibali chako. Anajua akishaingia hahami bila barua.” Bosi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka, kwa sababu ndivyo hasa nilivyokuwa nawaza.

Halafu bosi akarudi kutoka likizo na ile jezi. Kijani, mikono mirefu, bundi amekunjua mabawa kifua kizima, macho mawili ya manjano. Ukaivaa siku hiyohiyo, katika joto la Jeddah ambalo hata fulana ya ndani ni adhabu. Siku tuliyompeleka mwana wa bosi mazoezini kwenye uwanja wa barafu ndani ya lile jumba la maduka, tukaruhusiwa kuingia kwa sababu tulibeba begi la magongo, wewe ulikuwa na jezi hiyo, na vile vitoto vya Kizungu kwenye viatu vya makali vilikuja hadi kwenye kioo kukupungia. Ulibandika kiganja chako kwenye kioo. Ukaniambia, “Gusa. Ni baridi kweli.” Niligusa. Ulikuwa na furaha iliyonitia hofu, maana nilikuwa nikitazama kifua chako na yale macho ya manjano yalikuwa yakinitazama mimi.

Sasa nikwambie.

Usiku wa kuamkia safari yako ya Riyadh niliota. Sitakueleza ndoto, ilikuwa fupi na ya kijinga. Alfajiri ulipokwenda kuoga niliichukua jezi kwenye msumari nikaisukuma chini ya godoro langu. Nilijiambia: aende Riyadh bila huyu ndege, mara hii moja tu, akirudi nitairudisha atukane amalize. Ndiyo yote niliyofikiri. Nilidhani nakulinda.

Ulirudi kutoka bafuni ukaitafuta. Ulitazama chini ya vitanda vyote isipokuwa changu, kwa sababu nilikuwa nimekaa juu yake. Ulitoka ukatazama kwenye lori. Ukaenda kuwauliza mafundi. Ukarudi ukaniuliza mimi, na nilikujibu, “Labda umeiacha bandarini.” Ukapita bandarini, Musyoka. Ulikwenda njia ya bandarini kwa ajili ya neno langu. Karatasi za geti zinaonyesha saa uliyotoka, mimi ndiye ninayezipanga kwenye faili. Ulichelewa karibu saa nzima. Na wewe hukuwa mtu wa kuchelewa, kwa hiyo najua uliendesha vipi baada ya hapo.

Simu niliipokea mimi. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Mtu alisema Kiarabu haraka, nikasikia jina la kampuni, nikasikia Taif, nikampa Abu Fahadi. Alisikiliza amesimama. Kisha akakaa. Akafunika simu kwa mkono akaniuliza kwa utaratibu sana, kama anauliza mtoto, “Rafiki yako amevaa nini leo?” Na unajua nilichosema? Nilisema, “Hakuvaa bundi.” Nilisema kwa furaha. Mungu anisamehe, kwa nusu dakika nilifurahi, kwa sababu nilijua kwamba aliye barabarani hawezi kuwa wewe. Wewe nilikuwa nimekukinga.

Alikuwa ni wewe. Trela ilipasuka tairi mbele yako. Shati la bluu.

Tangu siku ile naisikia sauti yangu ikisema hakuvaa bundi. Naisikia nikipiga chapa. Naisikia kwenye lifti. Bundi hakuwa kwako. Bundi alikuwa kwangu, nimemkalia.

Orodha ya vitu vyako niliiandika mimi, kwa sababu orodha zote naziandika mimi. Mashati manne. Viatu jozi mbili. Redio. Mashine ya kunyolea. Picha ya mama katika fremu. Chini yake nikaandika, kama ninavyoandika kila siku kwa makontena, “Hakuna kilichobaki,” nikaweka sahihi. Ndio uongo wangu wa kwanza wa maandishi. Begi likaondoka na wewe.

Baada ya mazishi mama yako akapiga simu. Alinishukuru kwa orodha, akasema imeandikwa vizuri. Halafu akasema ametoa kila kitu na yule ndege hamwoni. Sikuelewa kwanza. Nilidhani huzuni inamchanganya. Akasema, “Yule bundi wake. Alinambia ana bundi huko. Nilimgombeza, kisha nikazoea. Kila Ijumaa aliniambia wamefungwa.” Hukuwahi kuniambia kwamba mama anajua. Mimi nilijibu kwamba nitatafuta. Alipiga tena, nikasema bado natafuta. Mara ya tatu nikasema huenda iliibwa, na nikamwona machoni mwangu anaamini, kwa sababu kwa nini mtu aliyekuwa karani wa kanisa kwao Voi amdanganye mama mfiwa?

Na humo katikati, kaka, nilifanya jambo ambalo nililiona la heshima. Niliifua. Niliona aibu kuwa na nguo ya marehemu yenye jasho chini ya godoro. Niliiloweka, nikaifua mara mbili, nikaisuuza mpaka maji yakawa meupe, nikaipiga pasi upande wa ndani ili macho yale yasiharibike. Kazi safi. Mimi na kazi zangu safi.

Jana nilimpigia mimi. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakayosema ili nisikimbie. Nikamweleza yote kwa mpangilio: ndoto, godoro, ulivyotafuta, bandarini, saa uliyotoka. Nikamwambia, mama, alichelewa kwa ajili yangu.   Nilisikia mbuzi upande wake. Nilingojea laana, na nilikuwa tayari nayo, ingekuwa hata nafuu.

Aliuliza neno moja tu.

“Imefuliwa?”

Nilitazama karatasi yangu. Hilo sikuwa nimeliandikia jibu. Nilijua anachotaka kusikia, kwamba bado ina jasho lako, na ningeweza kusema hivyo, ilikuwa rahisi kuliko uongo wote uliotangulia. Nikasema, “Nimeifua, mama. Mara mbili.”

Akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga mwiba.  Kisha akasema, polepole, na sauti yake ilifanana na yako unapokuwa umechoka:

“Basi ivae wewe, mwanangu. Isinifikie ikinuka sabuni.”

Akakata. Sijui kama amenisamehe. Sidhani kwamba ndilo alilokuwa akisema. Sijui alisema nini. Nimekaa na maneno hayo tangu jana kama mtu aliyepigwa kofi na kupewa chakula kwa mkono uleule.

Leo ni Ijumaa. Niliitoa, nikaivaa. Ni kubwa kwangu, mabega yako yameanguka kwenye viwiko vyangu. Nilipoingia ofisini Abu Fahadi alisema bismillahi kwa sauti ya chini. Bosi akanipa kalamu ya ubao bila kuniuliza kitu. Nikaandika jina langu chini ya lako. Bado namwogopa yule ndege, Musyoka. Sikumchagua kwa kuwa hofu imeisha. Imo humu ndani ya jezi, pamoja nami, na moyo ulinidunda mechi nzima hata bosi akaniuliza kama ni mgonjwa.

Tumefungwa sita kwa moja. Lile moja nilisimama bila kujua.

Likizo yangu ni baada ya miezi minne. Sitaituma kwa mtu wala kwa mzigo. Nitaivaa kila Ijumaa mpaka siku hiyo, kisha nitaibeba mwenyewe hadi mlangoni kwa mama, nisimame pale anione uso, aseme lolote aliloliweka. Nitasimama mpaka amalize. Baada yake nitakuja kwako nikuambie matokeo.

Lala, kaka yangu. Samahani kwa saa ile moja.

Ni saa kumi alasiri na kiyoyozi cha chumba kimeharibika. Jezi imelowa mgongoni na kwapani. Sitaifua.

Mdogo wako,
Mwakio