Baba, Sasa Wanakupata

Baba,

Jana mwanamke mmoja wa Dandora alipiga namba yako, ambayo sasa ninaipokea mimi, akakuulizia. Alisema cherehani yake ilikuwa inaruka mishono tangu Jumapili. Akaandika shida hiyo kwenye simu, na maelezo yako ndiyo yaliyomjia kwanza. Akafuata ulivyosema, akakuta sindano ameiweka kinyume, akaigeuza, mashine ikatulia. Sasa alitaka kuongea na Fundi Barasa mwenyewe, amshukuru.

Nikamwambia umefariki, ni mwaka sasa. Akasema, "Pole, dada. Vile anaeleza, ni kama yuko hapa."

Nilikata simu haraka nisije nikamlilia mtu nisiyemjua. Na si huzuni tu, Baba. Nina hasira, na sina mwingine wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe. Kuna jambo sijakuambia.

Unakumbuka ulipostaafu kule kiwandani Industrial Area na kufungua kibanda chako cha kutengeneza cherehani hapa Umoja? Wakati ule nilikuwa nimeanza kutengenezea watu tovuti, maduka na makanisa, bila kujua kuandika hata mstari mmoja wa zile lugha za kompyuta. Unachagua sura unayoipenda, unaburuta picha na maneno mpaka mahali pake, unachapisha. Ulikuwa unawaambia majirani, "Huyu mama yangu anajenga nyumba kwa kidole." Uliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na wageni walikuwa wakishangaa mzee mzima kumwita msichana mdogo mama.

Tovuti yako niliitengeneza Jumamosi moja mchana. Ukurasa mmoja tu: jina lako, namba ya simu, na ile picha umepandisha miwani kwenye paji la uso. Nikakutumia kiungo, ukakifungua, ukacheka peke yako pale kwenye kiti. Kesho yake uliwaonyesha kanisa zima.

Baada ya hapo, kila Jumapili tukitoka ibadani uliniuliza, "Mama, kuna mtu ametutafuta?" Nami nilikujibu kwamba watakuja.

Halafu ukaniletea lile daftari la hesabu. Ulikuwa umeandika kwa penseli shida zote ambazo wateja walikuletea na namna ya kuzitatua. Ukaniomba niziweke huko pia, ili mtu aliye mbali ajisaidie hata kama hawezi kukufikia. Nikakubali. Daftari nikaliweka juu ya friji, likakaa hapo. Nilikuwa na kazi za watu, Baba. Yako niliiona ni ya kungoja, kwa kuwa wewe hukuwa wa kunifokea.

Siku uliyouliza tena kama kuna mtu ametutafuta, nilikuwa nimechoka nikakujibu vibaya. Nilisema siku hizi hakuna anayetafuta fundi wa cherehani, watu wananunua mitumba. Hukukasirika.

"Sawa, mama," ukasema. "Basi dunia imemalizana na mimi."

Ukachukua kofia yako ukaenda.

Ulifunga kibanda kabla mwaka haujaisha. Ukarudi Industrial Area, ila safari hii hukurudi kama fundi. Ulisimama langoni na vijana ukingoja kuchaguliwa kubeba mizigo, kwenye umri ule, na hukuniambia. Niliambiwa na mtu ambaye ulianguka na kufa mbele yake.

Tulikuzika nyumbani Bungoma. Kaka yangu Wafula alisema maneno marefu kuhusu fundi ambaye hakushindwa na mashine yoyote. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilisoma wasifu wako vizuri, bila kukwama, na mpaka leo najichukia kwa vile sikukwama.

Baada ya miezi miwili ndipo nilipolishusha lile daftari. Nikasema nitaongeza blogu kwenye tovuti yako na kuyaweka maneno yako humo. Si kazi ngumu. Unafungua, unabofya mahali pa kuongeza sehemu mpya, unaichagua, inakaa. Makala ya kwanza niliipa kichwa "Karibu Kwenye Blogu Yetu". Wiki zikapita, hakuja mtu hata mmoja. Nikaingia kwenye mipangilio kutazama tatizo ni nini.

Huko ndani kuna kisanduku kidogo. Kimeandikwa kwamba ukikiwekea tiki, tovuti haitaonyeshwa kwa wanaotafuta mtandaoni. Tiki ilikuwapo. Niliiweka mwenyewe ile Jumamosi, watu wasiione kazi kabla sijaimaliza. Nikamaliza, nikachapisha, nikasahau kuitoa.

Aliyekuwa na kiungo aliweza kufungua. Ndiyo maana ilifunguka kwenye simu yako na kwenye simu za watu wa kanisa, nasi tukaridhika. Lakini mtu aliyekaa Kayole na mashine imemkwamia hangekuona hata angeandika jina lako lote. Miaka miwili, Baba. Ulikuwa unauliza kama kuna mtu ametutafuta, na mimi ndiye niliyekuficha. Kuiondoa hiyo tiki kulichukua muda wa kukohoa mara moja.

Pengine ungefunga kibanda hata hivyo. Wateja walikuwa wamepungua tangu zamani. Hilo najiambia nikiosha vyombo, na halinisaidii.

Basi nikafanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Ile "Karibu" niliifuta, kwa maana hakuna mwenye cherehani mbovu anayetafuta kukaribishwa. Nikakumbuka vile ulivyokuwa ukipokea wateja. Hukumuuliza mtu ni kifaa gani kimeharibika. Ulimuuliza, "Inalia vipi?" ukatulia, akaeleza kwa maneno yake. Nami nikayafuata maneno hayo. Kila shida nikaipa ukurasa wake, na kichwa kikawa vile mteja mwenyewe angesema: cherehani inakata uzi wa juu, cherehani inaruka mishono, cherehani imekuwa nzito kukanyaga. Jibu nikaliweka mwanzoni kabisa, kwa sababu mwenye gauni la harusi mezani hana nafasi ya hadithi. Picha nikazipa majina ya kile kinachoonekana, badala ya zile namba za kamera. Ukurasa wa uzi nikauunganisha na wa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kama ulivyokuwa ukisema, "Na tukiwa hapo, wacha tuangalie na bobini."

Sentensi zako sikuzigusa. Ulipoandika "usiilazimishe, kuna kitu inakwambia", nimeacha hivyo hivyo.

Simu zikaanza moja moja. Kisha zikawa nyingi.

Wafula aliposikia akaja. Alitaka nisiandike popote kwamba umekufa. Ana rafiki yake Kariobangi anayejua mashine kidogo; huyo atapokea simu kwa jina lako na kwenda kwa wateja. Akasema kazi isipotee bure, na kwamba wewe mwenyewe ungefurahi. Nilimwambia hukuwahi kumwachia mtu bisibisi yako kabla hujaona anavyoishika, seuze jina. Tulibishana mpaka akasimama mlangoni na kusema, "Na wewe, ulimfanyia nini alipokuwa hai?"

Habari ya kile kisanduku haijui. Alirusha neno tu kwa hasira, nalo likanipata palepale. Hatujaongea tangu siku hiyo.

Alipoondoka nilifungua tovuti na kuandika juu kabisa: "Fundi Barasa amefariki. Haya ni maarifa yake, kutoka kwenye daftari lake." Simu zimepungua. Wanaopiga bado, kama yule wa Dandora, ni wale wasiosoma pale juu. Wafula amewaambia watu nimekuua mara ya pili. Aseme tu. Hajui ile ya kwanza.

Mama anakuja kutoka Bungoma Jumamosi kuangaliwa macho. Yeye anaamini watu wa Nairobi walikusahau. Akipata mgeni humhesabia majina ya wote uliowatengenezea mashine, mmoja mmoja, halafu husema hawa ndio waliomwacha mzee wangu akafe akibeba magunia. Mara zote nimekaa pale nikimmiminia mgeni chai, nikawaacha watu wasio na hatia walaumiwe.

Jumamosi nitamwambia hawakukusahau. Nitamwonyesha kile kisanduku na nimweleze ni nani aliyekiwekea tiki. Sijui atanitazama vipi. Anaweza kuchukua mkoba wake na kwenda kulala kwa Wafula, na sitamzuia.

Msamaha sikuombi leo, Baba. Wewe huwezi kunikatalia, na kwa hiyo ni rahisi mno kukuomba. Nitaanza na Mama, anayeweza.

Kwaheri, Baba.

Nekesa